Mgeni Yuko Uani, Kuku Yupo

Kazi yangu ni kuwavuta watu darasani kwa maneno. Kwenye barua ya ajira nimeitwa ofisa uhamasishaji, cheo kirefu ambacho mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kukitamka mpaka mwisho bila kucheka. Pale kituoni kwetu Bariadi tunafundisha watu wazima ushonaji, ufugaji wa kuku, sabuni ya maji, kompyuta, kusoma na kuandika. Walimu wanafundisha, mimi naandika maelezo ya kila darasa. Maelezo hayo yanabandikwa stendi, yanatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, yanasomwa makanisani baada ya ibada, na siku ya mnada bwana mmoja mwenye spika anayasoma katikati ya bei za ng'ombe. Ujira wake ni soda moja ya baridi.

Kabla yangu maelezo yalikuwa yanaandikwa na mkuu wa kituo. Mtu mwema sana, lakini kalamu yake, jamani! "Kozi hii inalenga kumjengea mshiriki uwezo katika sekta ya ushonaji." Nani ataacha pamba yake haijapaliliwa akimbilie sekta? Nilipoingia nikamwomba aniachie mimi. Nikaandika: "Sare za watoto wako anashona nani, na anakupiga kalenda mpaka lini? Njoo ushone mwenyewe, na mwakani yeye ndiye aje kwako kuulizia." Darasa likajaa mpaka dirishani, na mafundi wa mjini wakaninunia. Kwa darasa la kuku nikaandika: "Kideri hakipigi hodi. Njoo tukufundishe kukifungia mlango." Likajaa nalo.

Mkuu akataka kujua siri yangu. Nikamwambia hakuna siri. Nikikaa kuandika namweka mbele yangu mtu mmoja ninayemjua, nazungumza naye. Ushonaji nilimwandikia jirani yangu ambaye shule zikifunguliwa lazima agombane na fundi. Kuku nilimwandikia shangazi, aliyemzika jogoo wake wa mbegu huku analia kama amefiwa na mtu. Mkuu akatikisa kichwa, akasema hiyo si mbinu ya kitaalamu. Nikamuuliza, viti vimejaa au havijajaa? Mimi nina ulimi, najijua.

Halafu ikafika zamu ya kumwandikia baba.

Baba anakaa kijijini, upande wa Migato, kwenye kaya ile ile tulimozaliwa, iliyozungushiwa ua wa minyaa. Mama tulimzika palepale, upande wa machweo, nyuma ya jiko lake. Matanga yalipokwisha watu wakatawanyika, kila mtu kwake, baba akabaki na ng'ombe wake wachache na shamba lake la dengu. Nguvu anazo. Kilichozimika pale ni jiko. Baba alikuwa hajawahi kupika tangu azaliwe, na sisemi kwa kumcheka, ndivyo wanaume wa rika lake walivyolelewa. Jikoni alikuwepo mama yake, wakafuata dada zake, akaja mke, na mwanaume akichungulia humo anaulizwa kama amepotea njia. Basi akawa anaishi kwa chai, mkate wa dukani na michembe, vile viazi vilivyokaushwa unavyotafuna mpaka taya linauma. Jumapili nilikuwa nakwenda kumpikia chakula cha kutosha, lakini ugali ni ugali, hauwezi kusubiri mpaka Jumapili nyingine.

Nilitaka kumtafutia msichana wa kazi. Akakataa. "Mtoto wa watu akae hapa na mimi mzee peke yangu, majirani waseme nini?" Kuja kwangu mjini akakataa pia, na hapo simlaumu, vyumba vyangu ni viwili na mbuzi hawezi kugeuka humo. Ndipo akaja kaka yangu mkubwa kutoka Mwanza, bila taarifa. Akakuta mkate mkavu mezani na jiko la baridi lenye majivu ya zamani. Akakasirika kwa ile hasira ya mtu aliyeogopa, akanivuta pembeni ya zizi.

"Mzee anaisha," akasema. "Pamba ikishauzwa nakuja na pikapu namchukua. Chumba nimeshaandaa."

"Baba akakae Mwanza? Ghorofani? Atakufa kwa kukosa mahali pa kutemea mate."

"Na hapa je?"

Mimi mwenye ulimi nikabaki kuhesabu ng'ombe zizini. Kaka akalainika kidogo. Akasema akija akakuta baba anakula kama binadamu atamwacha, asipokuta atamchukua, nami nisije nikamlilia. Tukaenda kumwambia baba. Nilijua atawaka. Huyu ni mtu wa kubishana hata na redio! Lakini alitazama tu upande wa kaburi la mama, akasema, "Mkiamua." Neno hilo liliniogopesha kuliko mkate mkavu.

Jumatatu asubuhi nikaingia ofisini kwa mkuu, nikamwambia muhula huu tunaanzisha darasa jipya, mapishi kwa wanaume. Akavua miwani.

"Simiyu hii?"

"Hii hii."

Mwalimu nilikuwa naye tayari kichwani. Kuna mpishi wa harusi hapa mjini, Mwislamu mwenye asili ya Tabora, baba wa miraba minne, mwenye mgahawa karibu na stendi. Pilau lake likikosekana harusini, watu wanarudi nyumbani wakisema bwana harusi ameoa kimyakimya. Alikubali, ila kwa sharti: wasipungue watu kumi. "Siwezi kufunga mgahawa Jumamosi kwa ajili ya watu watatu na paka," alisema.

Nikakaa kuandika. Sijui shetani gani alinipitia. Labda ni kwa sababu safari hii nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huandika kama serikali. Nikaandika: "Lishe bora kwa afya ya mwanaume. Jifunze kuandaa mlo kamili wenye virutubisho." Ikabandikwa, ikatumwa, ikasomwa. Hakuja hata inzi. Wiki iliyofuata, kwa hasira, nikaandika nyingine: "Mwanaume wa kisasa anapika. Wewe umekwama wapi?" Yule bwana wa spika aliisoma kimoyomoyo pale mnadani, akanirudishia karatasi. "Dada, utanisamehe. Hapa kila mtu ana fimbo." Akajiandikisha mtu mmoja tu, mfanyakazi wa ofisi fulani, na kumbe alidhani kutakuwa na chakula cha bure.

Jumapili nikambebea baba karatasi zote mbili. Nilikuwa sijamwambia kwamba darasa lenyewe ni lake. Nikamsomea kana kwamba nataka ushauri tu. Alisikiliza kwa adabu zote, kofia mkononi.

"Hii ya kwanza ni ya hospitali," akasema. "Hii ya pili ni ya ugomvi. Mimi siumwi, mayu, na sina ugomvi na mtu."

Ananiita mayu, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao. Akasimama akaenda kuwafunga ng'ombe. Nami nikaosha vyombo kwa vishindo mpaka kikombe kikavunjika mpini.

Siku chache baadaye kazi ikanipeleka upande wa Itilima kubandika matangazo, nikaona nipite kwa baba. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Bodaboda akanishusha penye minyaa. Nilichokiona kwanza ni mgongo wa mzee mmoja anayetokea uani, anaondoka polepole kwa kutegemea fimbo. Nilimjua. Ni rika la baba, walichunga pamoja enzi za ujana, anakaa vijiji viwili kutoka pale. Nikamwita, lakini masikio yake yamechoka, hakusikia. Nikaingia. Ng'ombe wapo, baiskeli ipo, mlango umefungwa kwa ndani.

"Hodi!"

Nikaugonga mlango kwa kiganja.

"Hodi jamani! Baba, ni mimi!"

Komeo likalia. Baba alikuwa amekaa gizani, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri gari. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ameshaondoka?"

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamjia juu. "Baba! Umemfungia mlango rafiki yako? Mmegombana?"

"Tugombane kwa lipi?"

"Sasa?"

"Ningempa nini?" akasema. "Ametembea jua lote hili. Nitamwambia karibu, atakaa. Halafu? Nimwekee mkate mezani? Kwa mama yenu hakuna mgeni aliyewahi kuondoka hapa hajanawa mikono. Hii ni mara ya tatu najificha, mayu. Mimi! Najificha kwangu mwenyewe."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu nikalia, na huku nalia nilikuwa nimekasirika, si kwa baba, kwa sisi wanawe. Tulikuwa tumeshughulika na tumbo lake kama vile ni ndama. Anakula, hali, amekonda, hajakonda. Njaa baba alikuwa anaiweza. Alichokuwa hakiwezi ni mtu kusimama uani kwake na kuondoka mikono mikavu. Nikamkumbuka mama. Kila mlo, kabla hata sisi hatujapakuliwa, alikuwa anapakua sahani moja anaifunika kwa nyingine, anaiweka karibu na mafiga. Tulikuwa wadogo na tuna njaa, tunamuuliza hiyo ya nani. "Simjui," anatujibu. "Bado hajafika." Na kweli hazikupita siku nyingi bila mtu kupiga hodi.

Nilirudi mjini nikiwa nimeshika mgongo wa bodaboda na maneno yameshajipanga kichwani. Sikuvua hata mtandio wenye vumbi. Niliandika hivi:

"Mgeni yuko uani. Ametoka mbali na jua ni kali. Kuku unaye, unga unao, ila mama wa nyumba hayupo: amesafiri, yuko shambani, au ametangulia. Utamwambia nini mgeni? Njoo Jumamosi tukufundishe, usije ukamfungia mtu mlango. Ni kwa wanaume tu. Kila mmoja aje na kuku wake na kila kinachohitajika katika kupika."

Mkuu aliisoma, akaurudia mstari wa kwanza. Baadaye akasema kwamba siku mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake kule Mwanhuzi, yeye alimdanganya mkwe wake kwamba ana homa, asije. Akaigonga mhuri bila kugusa nukta.

Jumapili nilikaa kanisani kijijini, nyuma kabisa upande wa akina mama. Katibu wa kanisa huwa anasoma matangazo kama anafukuzwa na nyuki, lakini lile alipofika katikati akapunguza mwendo. Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nilikuwa natazama shingo ya baba tu, safu ya tatu kutoka mbele. Haikugeuka. Tulipotoka nje akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake, nami nikajiuma ulimi, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Mnadani yule bwana wa spika aliisoma mara mbili, na hata soda hakuidai. Wanaume wakaanza kupita kituoni kwa kuvizia, mmoja mmoja, wengine wakijifanya wamekuja kuulizia kompyuta. Mpaka Ijumaa darasa lilikuwa limejaa na kumwagika. Jina la baba halikuwemo.

Jumamosi niliwahi. Mpishi alikuwa ameshapanga majiko uani, amejifunga aproni nyeupe, tumbo limetangulia. Wanaume wakaanza kuingia, kila mmoja na jogoo wake kwapani. Nyuma ya kila mwanaume akaingia mwanamke. Huyu na mkewe, yule na dada yake, mwingine na mkwewe, wamebeba masufuria na miiko, wamejifunga kanga viunoni tayari kwa kazi.

Mpishi akawatazama, akanitazama mimi, akawatazama tena.

"Samahani wazee wangu," akasema, "hawa akina mama?"

Mzee mmoja mwenye koti akamjibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni mila za mahali. "Si mmeandika tuje na kila kinachohitajika katika kupika?"

Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa. Hapakuwa na hata mmoja anayetania! Mkewe akadakia, "Na mimi nilishangaa. Darasa la wanaume, mimi nibebe sufuria ya nini? Lakini nikasema, ofisi zina mambo yake."

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka nikaushika ukuta. Mpishi hakucheka. Akawaomba akina mama wakakae barazani, wakaenda wakinung'unika kwamba kuku wataharibiwa bure. Uani wakabaki wanaume na majogoo. Na hapo mambo yakakwama. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake awe wa kwanza kuinamia moto mbele ya mkewe na wake za watu. Mpishi akawakaribisha mara ya kwanza, akawakaribisha mara ya pili. Wamesimama. Jogoo mmoja akawika, mwingine akamjibu, na wenye majogoo kimya. Nikaona darasa langu linakufa wima.

Ndipo bodaboda ikasimama getini. Baba akashuka, amevaa koti lake la kanisani, jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya katani, mkononi ana mfuko wa sandarusi. Akasalimia kwa sauti, "Mwangaluka!" Uani na barazani wakaitikia kwa pamoja. Akasimama akashangaa kuwaona akina mama wote wale.

"Mzee," mmoja wa barazani akamuuliza, "wewe umekuja na nani?"

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko. Akatoa mwiko wa mama, ule wenye mpini uliopinda, mweusi kwa miaka ya moto.

"Nimekuja na mwiko wake," akasema.

Mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baba wala hakuwaangalia. Akavua koti, akanikabidhi kama vile mimi ni msumari ukutani, akamgeukia mpishi.

"Nianzie wapi?"

Basi nani angebaki amesimama baada ya hapo? Yule mzee mwenye koti akavua la kwake. Wa pili akakunja mikono ya shati. Muda si mrefu uani palikuwa moshi, manyoya na kelele, na akina mama walikuwa wameshanyanyuka wamejazana ukingoni mwa baraza wanafundisha kwa mbali. "Maji hayajachemka hayo!" "Baba Fulani, kuku hanyonyolewi kwa maji ya baridi!" "Songa, mzee, songa, unga haubembelezwi!" Mpishi akainua mkono. "Akina mama, mwalimu ni nani hapa?" Wakamjibu, "Wewe!" na hawakunyamaza.

Ugali wa kwanza wa baba ulikuwa na madonge ambayo ungeweza kumrushia fisi. Kuku wake alikuwa bado ana manyoya shingoni. Akakata tonge, akaonja, akalitafuna kwa muda mrefu akiwa anatazama mbali.

"Mama yenu angenifukuza," akasema.

Na akacheka. Tangu msibani nilikuwa sijamsikia akicheka. Kwa furaha nikajifanya naenda kutafuta chumvi.

Hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa akibishana na mpishi kuhusu viungo, anasema hayo mambo ya Tabora yanaficha ladha ya nyama, na mpishi anamwambia mzee, wewe bado hata chumvi hujaielewa. Baba wa kubishana alikuwa amerudi! Katikati ya juma ananipigia simu kuniuliza mchuzi ukizidi maji unafanywaje, halafu kabla sijajibu ananiambia ameshajua, anakata. Nauli ya bodaboda alikuwa anailalamikia kila wiki, na kila wiki alikuwa wa kwanza kufika. Lakini kaka hakuyajua hayo. Baba alinikataza kumwambia. "Aje aone," alisema. "Maneno ni ya ofisini kwako."

Pamba ikauzwa. Jumapili moja simu ikalia nikiwa kwa baba.

"Niko Lamadi," kaka akasema, "nanunua samaki. Mwambie baba afunge vitu vyake, sitaki kusafiri usiku."

Nikampa baba ujumbe kama ulivyo. Yeye alikuwa anamkata jogoo.

"Mwambie achague sato," akasema. "Sangara ana mafuta sana."

Akaingia jikoni. Nilitaka kumsaidia, hata kumenya kitunguu, akanitoa nje kwa mwiko. Basi nikakaa chini ya upenu, mikono nimeilaza mapajani mahali ambapo mtu yeyote anayeingia ataiona ikiwa safi na mikavu. Jinsi nilivyoteseka hapo! Nikasikia sufuria inaanguka, nikasikia baba anaitukana kwa Kisukuma, nikanusa kitu kinachoanza kuungua na baadaye kikaacha. Moshi ukapanda juu ya minyaa.

Kaka aliingia na kamba za kufungia mizigo zikiwa begani. Aliniona nimekaa, akautazama moshi, akanitazama tena.

"Nani yuko jikoni?"

Baba akatoka ameinama chini ya paa, macho mekundu, majivu kwenye nyusi, mwiko mkononi.

"Mwadila," akamsalimia.

"Mwadila, baba," kaka akajibu, na kamba zikamteleza begani.

"Kaa hapo. Nawa mikono."

Tukala. Ugali haukuwa wa mama, nisiseme uongo, ulikuwa mgumu kidogo na upande mmoja umeshika moto. Lakini ulikuwa ugali, una moshi wake, na kuku alikuwa ameiva mpaka anaachia mfupa. Kaka akakata tonge, akachovya, akala. Akakata jingine. Akasogeza bakuli la mchuzi karibu na goti lake kama alivyokuwa akifanya utotoni, nami nikamsukuma kwa kiwiko kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Baba alikuwa anatutazama kwa pembe ya jicho, anajifanya anashughulika na paja.

Kisha kaka akaacha kutafuna. Alikuwa anatazama ndani ya jiko, mlango ulikuwa wazi. Nami nikageuka. Karibu na mafiga palikuwa na sahani, imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Ile ya nani?" kaka akauliza.

Baba akafyonza mfupa, akauweka pembeni.

"Simjui," akasema. "Bado hajafika."

Kaka akainama, nikadhani amepaliwa. Ni mtu mkubwa, ana kitambi na watu wanaomwita bosi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baba akamsogezea kikombe cha maji. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, nimeshazoea.

Alipomaliza kunywa, kaka akanawa mikono, akaokota kamba zake, akaenda kuzitupa nyuma ya kiti cha pikapu. Akatuletea samaki. Walikuwa sato.

"Umeshiba?" baba akamuuliza.

"Nimeshiba, baba."

"Basi usichelewe. Barabara ya Lamadi ina malori."

Kaka alikuwa bado anageuza gari penye minyaa ilipobidi asimame kupisha mtu. Ni yule mzee wa fimbo, anakuja polepole, amevaa kofia yake ya jua. Akafika uani akasimama mahali pale pale aliposimama siku ile, akakohoa, akavuta pumzi ya kupiga hodi.

Baba alikuwa ameshafika mlangoni na jagi la maji mkononi.

"Karibu," akamwambia. "Karibu ndani, unawe mikono."